Jiko la Kale la Kapseret

Mwezi ule wote nilikuwa na furaha ya kijinga. Hata sasa nikiitazama picha yangu ya Kapseret, matope mpaka kwenye nyusi, naanza kucheka peke yangu. Nilitoka Morogoro, mwaka wa pili chuoni, sijawahi kuvuka mpaka wowote, na ghafla nikajikuta nje kidogo ya Eldoret nikichimba kibonde cha mviringo ambamo, tuliambiwa, watu wa kale walilaza ng'ombe wao. Baridi ya asubuhi ilinitoa machozi. Nilivaa soksi mbilimbili na kuimba. Ndege zilipita chinichini juu ya mahindi zikielekea uwanjani, na mimi, msomi mtarajiwa, nilizipungia mkono zote.

Kila mwanafunzi alipewa shimo lake, mita moja kwa mita moja, na mwisho wa mwezi aandike ripoti ya alichokikuta. Jirani yangu, kijana wa hapohapo Eldoret, alikuwa ameshapata vigae vya chungu na jino la ng'ombe. Mimi nilikuwa na udongo. Wiki ya kwanza udongo, wiki ya pili udongo. Daktari, mwalimu aliyetuongoza, alinieleza kwa upole kwamba shimo tupu nalo ni jibu. Sikulitaka jibu la namna hiyo. Nilitaka kitu, hata kiwe kifupa cha kidole, nisirudi nyumbani na ripoti ya hewa. Nililitaka jambo hilo mpaka nikaliota.

Shamba lilikuwa la mama mmoja mfugaji, mrefu, mwenye sauti ndogo. Kila saa nne asubuhi alituletea kibuyu cha mursik, maziwa yanayolazwa ndani ya kibuyu kilichosuguliwa kwa mkaa, hata yakimiminwa yanatoka ya kijivu yenye chembe nyeusi. Alimimina mwenyewe, na alianza na mimi kwa kuwa ndimi mgeni niliyetoka mbali. Wenzangu walikunywa na kufumba macho kwa raha. Mimi nilipoonja mara ya kwanza, ulimi ulitaka kurudi Morogoro siku hiyohiyo. Lakini utamwambiaje mtu aliyekuheshimu hivyo? Nilimwambia ni matamu sana.

Basi nikabuni njia. Kwenye ukuta wa mashariki wa shimo langu kulikuwa na tundu la panya. Mama akigeuka kummiminia mwingine, mimi nilichuchumaa kama mtu anayekagua jambo zito la kitaalamu, na kikombe kizima kikaingia tunduni. Kisha nikajipangusa midomo. Nilifanya hivyo siku kumi na moja, na nilijiona mjanja wa kupindukia.

Siku ya kumi na mbili Daktari aliniruhusu nilipanue shimo kuelekea mashariki. Haikupita saa moja mwiko wangu ukafunua udongo mweusi. Lilikuwa doa la upana wa sahani, kijivu pembeni, chembe za mkaa katikati, na kina chake kilikuwa kilekile ambacho jirani alipatia jino. Nilipiga kelele mpaka ng'ombe wakainua vichwa. Jirani aliruka akaja kuchungulia.

"Manze, umeomoka," akasema, na nikajua kweli mambo yangu yamekuwa mazuri.

Daktari alikuja mbio, kofia mkononi, akapiga magoti. Akasema kwa sauti ya chini kwamba huenda hilo ni jiko, la kwanza msimu huo. Picha zikapigwa, zikatumwa kwenye kundi la WhatsApp. Mkaa ungefungwa kwenye foili upelekwe maabara ng'ambo, na jina langu lingeandikwa kwenye ripoti kuu. Nilicheza. Sioni aibu kusema, nilicheza ndani ya shimo na gambuti zangu.

Mama alitukuta katika hali hiyo. Daktari alimweleza kwamba pengine watu walipika shambani mwake kabla ya babu wa babu zake. Mama aliweka kibuyu chini, akajishika mdomo. Alisema Jumapili atawaleta watu wa kanisa lake waje waone. Nikainama na foili yangu kuchukua mkaa, na harufu ikanipanda puani. Uchachu. Niliufahamu uchachu huo.

Ningeweza kunyamaza. Nilikuwa na foili mkononi, na kila mtu pale alikuwa na furaha. Lakini Mama alikuwa ameanza kutaja kwa majina watu atakaowaalika.

"Si jiko," nikasema. "Ni maziwa ya Mama. Nimekuwa nikiyamwaga kwenye tundu."

Jirani alilala kwenye nyasi akashika tumbo. Daktari alijifunika uso kwa kofia, na mabega yake yalitikisika. Mama hakucheka.

"Siku ngapi?" akauliza.

"Kumi na moja."

"Na kila siku unaniambia ni tamu." Alilitazama lile doa kwa muda. "Si ungesema tu, ningekuletea chai. Hapa kwetu maziwa hatumwagi, mtoto wangu."

Angenitukana ningevumilia. Lile neno mtoto wangu lilinikata maini, nikalia mbele ya watu wote.

Tangu kesho yake aliniletea chai kwenye chupa, peke yangu. Nilipomwomba maziwa alikataa bila hasira, akasema ninywe chai yangu. Ripoti niliandika: shimo tupu, na maelezo kamili ya doa. Daktari alisema hajawahi kusoma ripoti ya kweli kama ile.

Siku ya mwisho, tukifukia mashimo, Mama alikuja bila chupa ya chai. Alimimina kikombe kimoja cha maziwa, akafikiri kidogo, akanipa, kisha akasimama kati yangu na udongo. Nilikunywa mpaka chini huku macho yakinitoka maji.

"Sasa?" akauliza.

Nikamwambia bado siyapendi. Hapo ndipo alipocheka, kicheko kikubwa ambacho sikujua anacho, akaniambia nikirudi Kapseret nisilale mjini, nifikie kwake.