Kisima cha Nyumba ya Saba

Mwaka ule tuliambiwa kwamba darasa la huitième, yaani la nane, litoe kikundi kimoja cha kwenda kusoma kazi yake ya utafiti mbele ya shule nyingine, katika ukumbi wa parokia moja mjini. Mimi ndiye niliyekuwa nikifundisha biolojia, kwa hiyo kazi ikaniangukia. Shule yetu iko Kasungami, pale Lubumbashi inapoishia na mashamba ya mahindi yanapoanza. Maabara hatukuwa nayo. Tulikuwa na kabati moja lenye hadubini iliyopotelewa na lenzi zake, na ufunguo wa kabati hilo aliushika prefe, mkuu wetu wa shule, kana kwamba ndani mlikuwa na dhahabu.

Wanafunzi wengi walitaka kutengeneza volkano ya siki, au kuwasha taa kwa ndimu, mambo waliyoyaona kwenye simu za kaka zao. Niliwaambia huo si utafiti, kwa sababu mwisho wake unajulikana kabla hujaanza. Nikamtaka kila mmoja alete swali ambalo yeye mwenyewe hajui jibu lake.

Swali nililolichagua lililetwa na msichana wa miaka kumi na mitatu, mrefu kuliko wenzake, aliyependa kukaa nyuma na ambaye kwa muhula mzima sikuwa nimesikia sauti yake mara tano. Alikuwa ameliandika kwa kalamu kwenye kiganja. Akasimama, akasoma: "Juu ya nini kwetu kule chini batoto bagonjwaka tumbo wakati ya mvua, na bale ba kule juu hapana?"

Nilifurahi, na furaha hiyo ndiyo ninayoijutia. Nilimsifu mbele ya darasa, nikaligeuza swali lake kwa Kifaransa ubaoni, maana kazi ilipaswa kuandikwa kwa Kifaransa. Lakini sikumuuliza swali lenyewe limetoka wapi.

Nilimpa wenzake wawili: msichana mmoja aliyejua kuchora ramani, na mvulana ambaye Kifaransa chake kilikuwa kizuri kuliko cha baadhi yetu walimu. Tulikubaliana kupita nyumba kumi na nne za avenue yao, yaani mtaa wao, kupima umbali kutoka choo hadi kisima, kisha kuwauliza wamama ni watoto wangapi waliharisha mvua zilizopita. Kitabu chetu kilisema choo kikae mita thelathini mbali na kisima. Niliazima utepe wa kupimia kwa fundi mwashi, jirani yangu. Niliwafundisha pia kwamba katika utafiti hatuandiki majina ya watu. Kila nyumba ipewe namba, na namba hizo wazijue wao watatu tu. Nilijiona mwalimu makini kwa kuwaambia hivyo.

Walizunguka Jumamosi mbili. Katika nyumba moja walifukuzwa, mwenye nyumba akidai wametumwa na Serikali kutafuta kodi. Kwingine wamama waliwakalisha, wakawahesabia wagonjwa kwa vidole, wakarudia hesabu ili wasikose. Ardhi ya pale inateremka. Visima ni mashimo ya kuchimbwa kwa mkono, yasiyo na ukuta, na mvua ikikolea maji hupanda mpaka unaweza kuyachota ukiwa umepiga magoti. Watoto walinirudishia daftari lililoloa pembeni, na ramani nzuri ya avenue nzima, vyoo vikiwa miraba midogo myeusi na visima vikiwa duara.

Tulianza kuandika baada ya masomo, darasani, prefe akituachia mlango wazi. Hapo ndipo nilipojua kazi ni ngumu kiasi gani. Kupima waliweza. Kuandika walichokipima kulikuwa jambo jingine. Mvulana alitaka kila sentensi iwe na maneno makubwa. Msichana wa ramani alitaka kuandika mambo ambayo hawakuyaona, kwamba maji yalikuwa na minyoo, kwa kuwa anajua maji machafu huwa na minyoo. Niliyafuta. Andikeni mlichokiona, niliwaambia, na mlichohesabu, basi. Tulitumia siku mbili kwa jedwali peke yake.

Jedwali lilipokamilika, nyumba ya saba ilijitokeza. Choo mita tisa kutoka kisimani, tena upande wa juu. Watoto watatu waliugua. Mmoja alifariki. Nyumba nyingine hazikuwa na kifo. Nilimwomba yule msichana mrefu, aliyekuwa ameiandika mistari hiyo, arudi akapime tena, kwa sababu namba ikijitenga hivyo mtafiti huanza kwa kujishuku mwenyewe. Akasema hakuna haja, amepima mara nne. Sikusisitiza.

Ugomvi ulizuka kwenye hitimisho. Nilikuwa nimewaandikia mfano: kwamba huenda ukaribu wa choo na kisima ndio uliosababisha ugonjwa, lakini nyumba ni chache na maji hayakupimwa maabara. Neno hilo la huenda nilikuwa nimelifundisha darasani somo zima. Kesho yake nikakuta amelikata kwa mstari mmoja ulionyooka. Nikalirudisha. Siku iliyofuata amelikata tena. Nikamwita mezani, wenzake wakiwa wameshatoka, nikamweleza kwa upole kwamba hatuna uthibitisho wote, na mtu wa sayansi hasemi zaidi ya anachokijua.

Alinisikiliza hadi mwisho, macho yake yakiwa kwenye daftari.

"Madame, bale ba maombi habakusema huenda," alisema. "Balisema ni ye."

Nilimuuliza nani.

"Tate. Numero saba njo kwetu."

Ndipo akanieleza habari za tate, yaani bibi yake, kwa sauti ileile ya kusoma namba. Mdogo wake wa miaka minne alikufa mvua zilizopita, baada ya siku mbili za kuharisha. Wazazi walikwenda kwenye nyumba ya maombi. Huko waliambiwa kwamba mtoto amelogwa, na mkono uliomchukua unakula nao sahani moja. Bibi yao, mama mzazi wa baba, alikuwa akiishi nao, anaota meno mapya kwenye uzee wake, anaongea peke yake akipepeta unga. Haikuchukua wiki. Watu wa avenue walisimama mbele ya ua, na baba akamfungia mama yake nguo katika kitambaa, akampeleka Mokambo, mpakani, kwa shangazi wa msichana, anayeuza bidhaa kutoka Zambia. Tangu siku hiyo jina lake halitajwi mezani.

Mimi ni mtoto wa mfanyakazi wa reli, familia yetu ilishuka kutoka kaskazini ya Katanga, tulilelewa kwa misa na rozari, na nilikuwa nimejiambia kwamba mambo hayo ya kuwafukuza wazee ni ya wengine. Kumbe yalikuwa yamekaa darasani kwangu tangu Septemba, kwenye dawati la nyuma.

Ningeweza kulitoa lile neno. Sentensi ingekuwa na uzito aliouhitaji. Lakini nilimwambia kwamba kazi isiyosema ukweli wote haitamsaidia bibi yake, na neno lilibaki. Hata leo naamini nilimfundisha vizuri. Naamini pia kwamba nilimuumiza.

Nilijaribu njia nyingine. Nilijaza chupa mbili za maji ya kisima hicho, nikapanda taxi-bus mpaka mjini, kwenye maabara moja. Waliniomba barua yenye muhuri wa shule. Prefe alisema hataki shule ihusishwe na habari za vifo, sayansi ya watoto inatosha ikiwa ya watoto. Sikurudi tena kumwomba. Chupa zilikaa kwenye dirisha langu mpaka maji yakawa ya kijani, nikayamwaga.

Siku ya kusoma kazi, msichana alisimama ukumbini amevaa sketi ya buluu iliyopigwa pasi, akasoma kurasa sita bila kukwama. Alipofika kwenye hitimisho alilisoma lile neno kama wengine wanavyolitaja deni. Watu walipiga makofi ya adabu. Mmoja wa waamuzi aliuliza kwa nini hawakupima maji kwenye maabara, na yule mvulana akajibu kwa Kifaransa kizuri kwamba njia zao zilikuwa chache. Hatukushinda. Tulirudi na soda za chupa na cheti kimoja cha watu wote.

Jioni ile aliipeleka kazi nyumbani, akamsomea baba yake, akiitafsiri sentensi kwa sentensi.

Jumatatu baba alikuja shuleni. Alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma katika komini ya Kenya, hapohapo Lubumbashi, mtu mfupi mwenye makovu madogo ya moto kwenye mikono, na alikuwa ameoga na kuvaa shati la kanisani. Nilitarajia hasira. Alinisalimu kwa heshima, akaketi kwenye dawati la mwanafunzi, magoti yakigonga ubao. Akatoa kazi mfukoni, imekunjwa mara nne.

Alisema choo kile alikichimba mwenyewe, mwaka aliooa, na kisima vilevile. Alieleza jinsi udongo ulivyokuwa mgumu upande ule mwingine wa ua, ndiyo maana akavisogeza pamoja. Alieleza kirefu, kama mtu anayeeleza kazi kwa mteja. Kisha akaweka kidole chini ya mstari mmoja.

"Madame, hii kitu hapa, mutoto alisema ni 'huenda'. Njo kusema haiko hakika?"

Niliona anakokwenda. Niliona mlango alioutafuta, na kwamba mimi ndiye niliyeuacha wazi.

"Haiko hakika yote, papa," nilisema. "Lakini..."

Hakungoja hiyo lakini. Aliitikia kwa kichwa, akaikunja karatasi, akanishukuru kwa kumfundisha binti yake, akaondoka. Ningeweza kumfuata hadi langoni. Kengele iligonga, darasa la septième likaingia, nikaanza kuwafundisha sehemu za ua la mmea.

Wiki hiyohiyo alikifukia kile choo. Binti ndiye aliyeniambia. Alichimba kingine kwenye kona ya mbali kabisa, kwenye udongo ule mgumu, kwa sururu, siku tatu, bila kumweleza mtu sababu. Majirani walipouliza, alisema cha zamani kilikuwa kimejaa. Lakini hakwenda Mokambo.

Wakati wa likizo ya Pasaka msichana alimwomba mama yake ruhusa, akaenda yeye, akifuatana na shangazi yake aliyekuja kununua vitambaa mjini. Alibeba kazi ile ndani ya plastiki. Aliporudi nilimuuliza bibi amesema nini. Alimkuta amekaa kwenye mkeka nyuma ya nyumba, anachambua maharage. Alimsomea kurasa zote sita, namba zote, mpaka ramani akamwonyesha. Bibi aliuliza tu kama ni kweli mtoto aliumwa siku mbili na si tatu, maana yeye alikumbuka tatu. Kisha akasema hatarudi.

"Balinifukuza na midomo ya bantu bote," alimwambia mjukuu wake. "Kartasi moja haina mudomo ya kunirudisha. Kaa, kula, kesho urudi kwenu."

Msichana hakulia aliponieleza haya. Alisema tu kwamba alidhani ukimwonyesha mtu kitu kilichopimwa, mtu huyo hubadilika. Nilimwambia atoe daftari, tulikuwa na mtihani.

Mimi nilikwenda kwao mwezi Juni, baridi ilipoanza, baada ya kulala vibaya kwa wiki nyingi. Nilimkuta baba uani, anatengeneza kiti cha chuma. Nilimwambia nilichopaswa kumwambia siku ile darasani: kwamba kama angeniuliza mimi ninaamini nini, si karatasi inasema nini, ningemjibu kuwa ni choo. Kwamba mama yake hakufanya chochote.

Alizima mashine yake. Alinitazama bila chuki.

"Najua, Madame. Nilijua siku ile batoto balikuja kupima. Nilisimama pale kwa mulango, nikaona ule mukanda unaishia wapi."

Nikamuuliza basi kwa nini hajamrudisha mama yake.

"Kama ni mama, ni mama," alisema. "Kama ni choo, ni mimi. Muke wangu ndani anajua kuishi na bwana mwenye mama mulozi. Kuishi na ule aliua mutoto wake, sijui kama ataweza."

Ndani ya nyumba mkewe alikuwa akisonga bukari, tulisikia mwiko ukigonga sufuria. Alishusha sauti ingawa hakukuwa na haja. Aliniuliza kama binti yake anafanya vizuri darasani. Nikasema ndiyo, ni wa pili. Akasema hiyo ni nzuri, akavaa tena miwani yake myeusi, na mimi nikatoka kwa njia ya nyuma, nikapita kati ya kisima na lile duara la udongo mpya la choo kilichofukiwa, ambapo walikuwa wameshapanda viazi vitamu.