Vidole Vitatu vya Kamati

Mimi tangu utotoni si mtu wa kusoma maagizo. Dawa ikija na karatasi, karatasi naitupa. Pasi mpya, redio mpya, simu mpya, vyote nimevianza kwa kubonyeza huku na huku mpaka kitu kikubali. Nasema haya mapema ili ajulikane wa kulaumiwa ni nani, maana kwa karibu miezi miwili niliwahangaisha watu wazima wawili kwa ajili ya uvivu wangu, na mmoja wao nusura nimnyang'anye kitu ambacho nisingeweza kumrudishia.

Ilikuwa ile miaka ya elfu mbili, wakati simu yenye kamera ilikuwa bado ya mtu wa kujidai. Nilikuwa mpokea wageni katika ofisi ya bima katikati ya jiji, na wikendi nilikuwa katibu wa kwaya ya kanisa letu kule Kabiria. Kwa kuwa kazini nilikaa mbele ya kompyuta kutwa, kanisani waliniona mtaalamu. Sikuwakatalia. Nani anakataa sifa za bure?

Kwaya ilikuwa inarekodi nyimbo nane katika studio ndogo Westlands, ghorofa ya tatu, juu ya kinyozi. Tatizo ni kwamba kwaya moja ya jirani ilikuwa imepigwa chenga: nyimbo zao zilianza kuuzwa barabarani mjini kabla wenyewe hawajazizindua. Kamati yetu ikaingiwa na baridi. Mwenyekiti akaniita pembeni baada ya ibada na kuniambia nitafute mahali pa kuweka nyimbo ambapo hata ibilisi hafiki.

Nilipata mahali hapo dukani, Moi Avenue, saa ya chakula cha mchana. Ilikuwa diski ya kubebeka, kubwa kama kitabu cha nyimbo, na juu yake kijidirisha cheusi cha kusoma alama ya kidole.

"Madam, bila kidole chako hii kitu haifunguki," muuzaji aliniambia. "Wakiiba, wameiba chuma tu."

Nilirudi ofisini nikiwa nimeikumbatia. Mchana wote niliitoa kwenye mkoba na kuirudisha, mpaka mwenzangu wa mezani akaniuliza kama nimechumbiwa.

Jumamosi hiyo maofisa wa kwaya walikuja kwangu kuianzisha. Maofisa tulikuwa watatu. Mwenyekiti alikuwa seremala wa kutengeneza vitanda kando ya Ngong Road, mzee wa kutoka mkoa wa Magharibi aliyependa itifaki kuliko chai, na chai aliipenda sana. Mweka hazina alikuwa mama wa mboga pale Dagoretti Corner, mama mpole wa miaka hamsini na kitu, aliyekuwa akisimama mstari wa nyuma wa sauti ya pili tangu mimi nikiwa shule ya msingi. Wa tatu nilikuwa mimi.

Ndani ya boksi mlikuwa na kijitabu cha maelezo. Nilikiweka juu ya kabati na kuanza kubonyeza.

"Hakuna haja ya kusoma?" mwenyekiti akauliza.

"Mzee, hii ni kama kufungua akaunti," nikamjibu kwa ujasiri usio na kichwa wala miguu. "Tuko watia sahihi watatu. Kila mmoja anaweka kidole, tukikutana wote watatu inafunguka."

Akatikisa kichwa kwa kuridhika. Jambo hilo lilimwingia sawasawa. Pesa za kwaya hazikuweza kutoka benki bila sahihi zetu tatu, sasa nyimbo zitoke vipi kwa kidole cha mtu mmoja? Hata mimi, kadiri nilivyozidi kulieleza, ndivyo nilivyozidi kuliamini.

Kidole gumba cha mwenyekiti kilikubaliwa baada ya kukwanguliwa gundi ya mbao. Changu kilikubaliwa mara moja. Cha mweka hazina kilikuwa kazi. Mama huyu alikuwa amekata sukuma wiki kwa miaka na miaka, ile ya kukatwa nyembamba mkononi mteja akisubiri, na ncha za vidole vyake zilikuwa zimeisha kwa kisu na maji. Tulijaribu gumba, taa nyekundu. Tukajaribu cha shahada, nyekundu. Tukamnawisha kwa maji ya vuguvugu, tukampaka mafuta, tukampangusa, nyekundu. Mwishowe alikuwa akicheka mpaka machozi.

"Wacheni tu, wanangu. Vidole vyangu vimeliwa na wateja."

"Mama, bado kimoja," nikamwambia.

Kilikuwa kidole kidogo cha mkono wa kulia, kile kisichogusa kisu wala mboga. Akakibonyeza mara tano kama skrini ya kompyuta yangu ilivyotaka, na taa ikawa ya kijani. Alikitazama kile kidole kwa mshangao, kana kwamba kimepata kazi ya serikali. Diski tukamwachia yeye aihifadhi, akaifunga kwa leso na kwenda nayo.

Basi kila Jumamosi ikawa safari ya watu watatu. Mwenyekiti anafunga karakana, mweka hazina anamwachia jirani kibanda chake, mimi naacha nguo zangu kwenye beseni, tunakwenda Westlands. Kwaya ikimaliza kuimba, tunamwomba produsa atoke nje ya chumba chake mwenyewe, kwa usalama. Mwenyekiti anafungua kwa maombi. Kisha anaweka gumba lake, kwa kuwa ndiye mwenyekiti, na taa inawaka kijani. Mweka hazina anafuata, kisha mimi. Kompyuta ya pale ilikuwa nzito, ikifikiria kwanza, na kila mara ilipomaliza kufikiria na kutuonyesha nyimbo ilikuwa ndiyo kwanza nimeondoa kidole changu. Tunasema amina. Produsa anaitwa arudi.

Haki nakwambia, tulijiona watu wa maana sana.

Wimbo wa nane ulikuwa wa mweka hazina. Aliutunga mwenyewe akikata sukuma, na mwalimu wa kwaya alipousikia akasema yeye ndiye atakayeuongoza, hakuna mwingine. Mama alikataa wiki mbili. Alipokubali, Dagoretti Corner nzima ikajua. Ukinunua nyanya unaambiwa, ukinunua dania unaambiwa. Aliurekodi Jumamosi ya mwisho, macho yamefumbwa, mikono imeshika gauni pande zote mbili. Nilikuwa nyuma yake, na kiitikio nilichelewa kukiingia kwa kumsikiliza yeye.

Jumanne iliyofuata mwenyekiti akajikata kidole gumba kwa msumeno. Akashonwa, akafungwa bendeji nene. Tulimpa pole, tukampelekea uji, wala hatukufikiria diski.

Alhamisi produsa akanipigia simu kazini. Kijana yule alikuwa na adabu lakini habari zake hakuzipamba.

"Sista, mashine yangu imekufa kabisa. Zile saba nilikuwa nimeziweka kwa CD ya majaribio, ziko salama. Wa nane uko kwa hiyo disk yenu peke yake. Kesho saa kumi na moja jioni nazipeleka kutengenezwa CD, nikikosa hiyo nafasi, uzinduzi wenu hakuna."

Nikaweka simu chini. Kidole cha mwenyekiti kilikuwa ndani ya bendeji. Kidole kimoja kikikosa, niliwaza, basi. Na wimbo haungeweza kurekodiwa upya na mwenyewe, kwa sababu mama alikuwa amepatwa na mafua makali na sauti imebaki ya kukwaruza.

Hapa ndipo haraka zangu huniponza. Badala ya kukaa na kufikiri, au kupanda kiti na kuteremsha kile kijitabu, nikajifanya mwenye maamuzi. Nikampigia dada mmoja wa sauti ya kwanza, aliyekuwa akifanya kazi benki, mwenye sauti safi, nikamwomba aombe ruhusa Ijumaa mchana aje auimbe. Kisha nikapiga chapa orodha ya nyimbo ya kuchapishwa kwenye jalada, na mbele ya wimbo wa nane nikaandika jina lake. Kazi imekwisha, nikajipongeza.

Ijumaa asubuhi nilipita Dagoretti Corner kumwambia mwenyewe. Alikuwa akikata sukuma. Nilimweleza yote kwa mkupuo, ya mashine, ya bendeji, ya dada wa benki. Hakuacha kukata.

"Mpeni," akasema kwa ile sauti ya kukwaruza. "Wimbo ni wa Mungu."

"Pole, mama."

"Nimeshapoa, mimi sina neno. Lakini nitakuja. Diski si iko kwangu?"

Chini ya aproni alikuwa amevaa gauni lake la Jumapili. Nililiona, na nikaona pia kwamba sukuma ile ameikata nyembamba kupita kiasi, imekuwa kama nyasi. Niliondoka nikijichukia, lakini niliondoka.

Saa nane mchana tulikuwa studio. Mwenyekiti naye alikuja, bendeji na yote.

"Kikao hakifunguliwi bila mwenyekiti," akatangaza, na akataka kuanza kuifungua ile bendeji hapo hapo.

Mweka hazina akampiga kofi kwenye ule mkono usio na bendeji. "Mzee, ebu tuheshimiane! Nyuzi zitatoka!"

Produsa alikuwa ameazima kompyuta nyingine. Diski ilikuwa imeunganishwa, tumejaribu gumba la kushoto la mwenyekiti bila mafanikio. Kwenye chumba cha kuimbia, dada wa benki alikuwa amevaa vipaza sauti vya masikioni akiupasha wimbo. Aliuimba vizuri, hakukosea hata neno. Mama alisikiliza mistari miwili, kisha akavuta kiti mbele ya meza, akaipangusa diski kwa ncha ya leso.

"Najua haifunguki," akasema. "Naiaga tu."

Akaweka kidole chake kidogo. Taa ikawaka kijani, kama ilivyowaka kila Jumamosi. Halafu kidirisha cha nyimbo kikajitandaza kwenye skrini, na ndani yake wimbo wa kwanza, wa pili, mpaka wa nane.

"Si imefunguka," produsa akasema.

"Haiwezi," nikamjibu kwa ukali. "Bado mimi."

Akaichomoa, akaichomeka tena, akaniambia niweke changu. Ikafunguka. Akanitazama, akamtazama mwenyekiti. "Kwani kila siku mkinitoa nje mlikuwa mnafanyaje?"

Tukamweleza. Tulipofika kwenye maombi, kijana alikuwa ameketi sakafuni, anacheka bila sauti, anapiga zulia. Alipopata pumzi akatuambia kwamba kidole kimoja kinatosha, chochote kati ya vitatu, na kwamba jambo hilo huandikwa ukurasa wa kwanza wa kijitabu.

Mwenyekiti alinigeukia polepole. "Katibu," akasema. Neno hilo moja tu, na nilitamani kuingia chini ya zulia. Jumamosi saba za karakana iliyofungwa zilikuwa ndani yake. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, akacheka, akalalamika kuwa kucheka kunamuumiza kidole, akaendelea kucheka.

Produsa akaucheza wimbo wa nane. Sauti ya mama ikajaza kile chumba, sauti nzima ya Jumamosi iliyopita, isiyo na mafua. Aliisikiliza akiwa amekaa wima, mkono kinywani. Dada wa benki alitoka, akasimama mlangoni mpaka mwisho, akavua vile vipaza sauti shingoni na kumpa produsa.

"Mama, mimi ningeuharibu," akasema, na akaenda kumkumbatia.

Furaha ilikuwa imenilevya. Nikaitandaza ile orodha ya jalada mezani ili produsa aichukue, na hapo tu ndipo nilipokumbuka nilichoandika. Mama alikuwa ameshaisoma.

"Hapa pana jina la mtu mwingine," akasema taratibu.

Nikachukua kalamu nikalikata jina lile mara tatu, uso unaniwaka. Kwenye kumbukumbu za vikao nilikuwa nikiandika "Mweka Hazina" na basi. Sahihi yake kwenye hundi ilikuwa mkunjo usiosomeka. Kanisani, sokoni, kila mahali, tulimwita mama wa mtoto wake wa kwanza, kwa hivyo ndivyo nilivyoanza kuandika: Mama, halafu jina la yule mtoto.

Akaweka mkono wake juu ya wangu, ule wenye ncha laini zisizo na alama.

"Huyo hakuimba," akasema. "Niandike mimi."

Kalamu ilibaki hewani. Miaka miwili nilikuwa katibu wake, na miaka yote ya kabla ya hapo nilikuwa nimeimba mbele yake. Nililazimika kumwuliza. "Mama, wewe unaitwa nani?"

Akaniambia, majina yote matatu, polepole ili nisikosee, na mimi nikayaandika.