Lenzi Mbili Kando ya Jeneza

Nilienda Dundori kumzika baba wa mtoto wangu nikiwa na kamera begani, kwa sababu kupiga picha ndiyo kazi yangu na siku hiyo mikono haingetulia ikiwa mitupu. Alikuwa na mke na watoto wawili. Mimi naye hatukuoana. Kwao walijua, na walijua pia kuna msichana wa miaka mitano.

Kabla ya kuzika, watu huitwa kando ya jeneza, kikundi baada ya kikundi, wapigwe picha. Miaka ikipita, picha hiyo ndiyo husema nani alikuwa wa nyumba hiyo. Mwenye maikrofoni akaita watoto wa marehemu. Nikamsukuma wangu mbele. Shangazi wa marehemu akamshika bega, akamsogeza hadi mwisho wa mstari, nyuma ya maua.

Mpiga picha wao nilimjua, tumepiga picha za harusi pamoja. Nikamwona anafunga lenzi ndefu. Lenzi ndefu ni ya kuvuta kitu cha mbali, ama ya kuchagua. Inabana. Itachukua wawili wa katikati, na wa tatu hakuwahi kuwepo.

Nikamfuata kwenye matope kando ya zizi, nikamuuliza mbona hiyo.

"Nimeambiwa wawili tu, siz. Usinichomee kazi."

Nikafunga yangu pana, nikasimama hatua tatu kutoka kwa jeneza. Lenzi pana haichagui, inameza kila mtu. Ubaya wake ni kwamba walio pembeni inawavuta. Kwenye kioo cha kamera mtoto wangu alikuwa na uso mrefu, bega limepinda kama la kuazima. Hapana. Nikaenda nikamshika mkono, nikamsimamisha katikati, karibu na kichwa cha babake.

Shangazi akauliza, watu wote wakisikia, "Huyo ni wa nani?"

"Muulize aliyelala hapo."

Nikarudi mahali pangu, nikapiga saba bila kupumua.

Moja iko ukutani kwetu, mtaa wa Free Area. Mtoto amesimama wima, uso ni wake, na paji ni la babake. Mimi simo. Shangazi yuko pembeni kabisa, mdomo wazi, kichwa kimevutika kama kiazi cha kwao. Kwa kompyuta, kumnyoosha ni kazi ya dakika mbili.

Sijamnyoosha.