Miguu ya Wakio na Neno "Sore"

Nyinyi mliokulia Sagalla kabla bodaboda hazijaanza kubeba mitungi ya maji, kile kilima mnakikumbuka. Tulishuka bombani tukiimba, tukapanda kimya, mtungi kichwani, shingo imezama mabegani. Kesho yake mapaja yalikuwa magumu kama kuni. Mama alitukanda kwa maji moto yenye chumvi huku akitucheka: "Huo si ugonjwa. Huo ni mlima umekuingia. Inuka utembee, utatoka."

Shuleni asubuhi ilikuwa ya Kiingereza tupu, na aliyesema "sick" alirudishwa nyumbani bila maswali. Basi ikafika siku ya mashindano ya riadha mjini Voi. Dada yangu Wakio alikuwa amechaguliwa kukimbia, na hakuwa amewahi kupanda lori kama hilo la kuwapeleka maishani. Lakini jana yake maji yalikuwa yametoka baada ya ukame wa siku nyingi, tukashuka bombani na kupanda hadi giza likaingia. Akaamka anatembea kama bata.

"Wewe ndiye unajua Kizungu," akaniambia njiani. "Nimwambie mwalimu nini asiniache?"

Nikawaza hadi muhogo niliokuwa nikila ukapoa mkononi. "Pain" ilisikika kama ya hospitali. "Sore" ya kuuma tulikuwa tumefundishwa ya koo peke yake. Je, miguu nayo inaruhusiwa? Na mwalimu akidhani ana kidonda, maana nacho huitwa sore?

"Sema sore," nikamwambia mwishowe. "Lakini utabasamu."

Mwalimu akamwona anachechemea kando ya lori, akamuuliza kwa Kiingereza kama ni mgonjwa.

"No, teacher. Sore."

"Sore where?"

Wakio akajitazama kutoka vidoleni hadi mabegani. "All."

Mwalimu akacheka mpaka akashikilia lori. "Maji yalitoka jana, eh? Hata mke wangu yuko hivyo. Panda wewe, utalegea ukikimbia."

Akawa wa nne, na akarudi akiimba kuwashinda walioshinda.

Siku hizi binamu yangu mdogo huinua vyuma dakika chache pale Voi, kisha anatangaza kwenye simu "niko sore," na picha anaweka juu. Tunampa pole. Mimi na digrii yangu nakaa kutwa nikituma maombi ya kazi, mgongo unaniuma, na nimeshasoma mtandaoni kila ugonjwa unaoweza kuwa. Enzi zile mtu akichechemea, kijiji kizima kilijua amebeba nini. Haya maumivu yangu, hata mimi mwenyewe sijui nimebeba nini.