Ndege ya Mbao ya Mbulumbulu

Wilibrodi Tluway alijifunza urubani kabla Jumuiya ya Afrika Mashariki haijavunjika, na kwao Mbulumbulu hapakuwahi kuwa na rubani mwingine. Baba yake alilima ngano na maharage. Ile ndege ndogo nyeupe ilipopita juu ya mashamba, watu waliegemea majembe wakasema, "Huyo mtoto wa Tluway," na watoto walikimbia nayo mpaka kwenye korongo.

Ndege ilikuwa ya huduma ya afya ya kanisa, yenye injini moja na viti sita. Mafuta yalikuwa ya shida miaka ile. Yakipatikana, Wilibrodi alimpeleka muuguzi Nareyu upande wa Kakesio na maboma ya mbali, ambako gari lilifika kwa taabu wakati wa kiangazi na masika halikufika kabisa. Walikwenda na chanjo kwenye boksi la barafu, wakarudi na mgonjwa kama yupo: mama aliyeshindwa kujifungua, au mchungaji aliyejeruhiwa na nyati. Nareyu alikuwa Mmaasai wa Endulen, mwanamke wa maneno machache. Wakati wa kurudi alikuwa na kawaida ya kulala.

Siku moja ya mwaka 1982 hakulala. Walikuwa wawili tu, wanatoka Kakesio, ziwa Eyasi limebaki nyuma na mlima Oldeani uko kushoto kwao. Nareyu alimwuliza kitu kuhusu barafu ya wiki ijayo. Wilibrodi hakujibu. Akauliza tena. Alipogeuka, akamwona amekaa wima, macho wazi, midomo inatafuna na mdomoni hamna kitu. Mkono wake wa kulia ulikuwa unasugua suruali, unasugua tu, hausimami.

"Kaka Wili!"

Bawa la kushoto likaanza kushuka. Lilishuka taratibu, bila kishindo, halafu pua ikafuata. Mlima uliokuwa pembeni ukaanza kuingia kwenye kioo cha mbele. Nareyu akafungua mkanda, akampiga begani kwa ngumi, akapiga tena, akapiga kelele kwa Kimaasai. Msitu ulikuwa karibu kiasi kwamba aliona matawi. Ndipo Wilibrodi akashtuka, akamtazama kama mtu aliyeamshwa na mgeni, akavuta usukani.

Walitua salama. Chini ya bawa, kwenye nyasi, Nareyu alimwuliza, "Ulikuwa wapi?"

"Wapi? Si nilikuwa hapa."

"Hukuwepo."

Wilibrodi akacheka. Lakini mwenyewe alijua kuna kipande kimekosekana. Alikumbuka ziwa, kisha akakumbuka mlima mbele yake na ngumi begani. Katikati hapakuwa na kitu.

Nareyu hakuficha. Alikwenda moja kwa moja kwa Daktari Piusi, mkuu wa huduma hiyo pale Karatu, akamweleza. Wilibrodi akapelekwa hospitali ya Moshi. Wakampima damu, macho, masikio na moyo, wasione ubaya wowote.

"Sasa sikiliza, ndugu yangu," Daktari Piusi alimwambia. "Wa Moshi hawakuona kitu, ila Nareyu aliona. Pumzika mwaka mmoja. Ukipita salama, nitakwenda nawe kwa wakaguzi wa marubani nikakutetee mwenyewe."

"Na wagonjwa wa Kakesio?"

"Watapelekwa kwa gari."

"Daktari, unaijua ile barabara."

"Naijua," alisema Piusi.

Kifafa hakikutajwa siku ile. Kila mmoja alikikwepa. Kwa Wilibrodi, kifafa kilikuwa kuanguka motoni na kutoka povu, na yeye hakuanguka wala hakutoka povu. Alichoka tu. Aliona Nareyu amemharibia kazi kwa sababu ya uchovu wa mchana mmoja.

Alirudi Mbulumbulu kwa mkewe Marsela na binti yao mdogo, Germana. Alilima, lakini alilima kama mtu anayesubiri gari. Alisema mikono inasahau. Rubani akikaa mwaka mzima bila kurusha, siku ya kupimwa atatia aibu. Basi akaanza kujenga ndege ya mazoezi katika ghala la ngano, ambalo mwaka ule lilikuwa nusu tupu.

Alichonga fremu ya mbao kwa kipimo cha chumba cha rubani, na kipande cha bawa kila upande. Akaisimamisha juu ya kiungo cha chuma kinachopinda pande zote, krosi ya propela shafti ya Land Rover bovu aliyoipata kwenye mashamba ya kahawa ya Oldeani, ili iweze kulala kila upande. Springi za viti vya lile Land Rover ziliishikilia kwenye pembe nne. Usukani na pedali alivifunga kwa kamba zilizopita kwenye kapi hadi sakafuni, hivyo aliyekaa ndani akivuta, mwili mzima wa ndege unainuka au unalala. Mbele yake alitundika turubai refu alilochora kiwanja cha Kakesio, kidogo mwanzoni, kikubwa mwishoni, likizunguka juu ya magogo mawili. Marsela ndiye aliyezungusha mkono wa magogo.

Mwanzoni ilirukaruka kama punda. Ukigusa usukani kidogo inakutupa. Wilibrodi akafunga vyuma vizito mbele na nyuma, ili ichelewe kuitika na ikishaitika ichelewe kutulia, maana ndege ya kweli ndivyo ilivyo. Akapunguza springi moja, akaongeza nyingine. Akasema pedali ni nyepesi mno, akazifunga mpira wa tairi. Kisha akakumbuka kwamba kwenye jua kali, kule juu, hewa inakuwa hafifu na ndege haitaki kushuka, inaelea tu juu ya kiwanja. Akachora turubai upya, kiwanja kikawa kirefu zaidi. Marsela alizungusha mpaka viganja vikaota sugu. Majirani walichungulia mlangoni wakicheka, na baba yake alipita bila kuangalia.

"Hivi bado haijawa sawa, Baba Germana?"

"Inakaribia. Kuna kitu imekosa. Sijui ni nini."

Masika ilipoingia, habari zilifika kutoka Kakesio. Mwanamke mmoja, Nalangu, alishikwa na uchungu wa mtoto aliyelala vibaya. Gari la huduma lilizama kwenye matope, na Nalangu akafia njiani. Wilibrodi aliposikia hakula. Aliingia ghalani akakaa kwenye kiti chake cha mbao, mikono juu ya usukani, bila kumwita Marsela aje kuzungusha.

"Ningemfikisha," alisema. "Ningemfikisha kabla ya chai kupoa."

Nareyu ndiye aliyekuwa ndani ya gari lile. Alikuja Mbulumbulu siku chache baadaye, amekonda, viatu vimejaa udongo mwekundu. Marsela akampa chai. Wilibrodi alimsalimu kwa mbali, kama mtu anavyomsalimu mkopeshaji.

"Nimekuja kukuona," Nareyu alisema. "Watu wanasema umejenga ndege."

"Siyo ndege. Haiui mtu."

Nareyu aliyameza hayo. Akaomba kuiona. Alipofika ghalani aliizunguka, akaketi kwenye boksi lililokuwa kando ya kiti cha rubani, mahali pake pa siku zote kwenye ndege ya kweli. Wilibrodi hakuweza kujizuia. Akaingia, akamwonyesha jinsi inavyopanda na kupinda. Mwisho akaachia kila kitu akainua mikono juu. "Unaona? Inakaa. Imetulia kabisa."

"Siyo hivi," Nareyu alisema.

"Nini siyo hivi?"

"Ile yetu haikai. Siku ile ulipoiachia haikukaa. Bawa la kushoto lilishuka kwanza, polepole, hata nikadhani unageuza kwa makusudi. Pua ikafuata baadaye."

Wilibrodi alishusha mikono. Tangu siku ile hakuwahi kumwuliza ilikuwaje. Sasa akauliza, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Kisha?"

Nareyu akamweleza yote: midomo, mkono juu ya suruali, matawi ya miti. Marsela alisimama mlangoni na birika, akasikiliza pia. Alikuwa ameambiwa kwamba mumewe alisinzia.

"Sikuja kukushtaki tena," Nareyu alisema alipokuwa anaondoka. "Nataka urudi. Hakuna anayetaka urudi kuliko mimi. Lakini nataka urudi wewe mwenyewe, siyo yule niliyemwona siku ile."

Wilibrodi alikasirika hadi jioni. Lakini akili ya fundi haikumwacha. Nareyu alisema kweli: ile ndege ilikuwa na tabia ya kulalia kushoto, na kwa miaka yote mkono na mguu wake viliirekebisha bila yeye kufikiri. Ndicho kilichokosekana. Kesho yake alifunga mfuko wa mchanga upande wa kushoto, akalegeza springi ya upande ule. Sasa ndege ya mbao haikukaa peke yake. Usipoishika, inalala kushoto, halafu inainama. Alipoijaribu alicheka kwa furaha, mara ya kwanza kwa miezi mingi. "Ndiyo hii! Mama Germana, ndiyo hii yenyewe!"

Mwaka ulikaribia kuisha. Daktari Piusi alituma ujumbe kwamba mkaguzi atafika Arusha na Wilibrodi ajiandae. Wakafanya mazoezi kila alasiri baada ya kutoka shamba.

Alasiri moja Marsela alikuwa anazungusha, Germana akichambua maharage nje mlangoni. Kiwanja cha Kakesio kilikuwa kinakuja vizuri. Kikakua. Bawa la kushoto likaanza kushuka.

"Kushoto," Marsela alisema, kama alivyozoea kumkumbusha.

Likaendelea kushuka. Fremu ikalala, kisha ikainama mbele, mpaka mbao zikagonga sakafu. Marsela alidhani anamtania. Akaachia mkono wa magogo, akaenda mbele kumtazama. Macho yalikuwa wazi. Midomo ilikuwa inatafuna. Mkono wa kulia ulikuwa unasugua suruali.

Hakupiga kelele. Alikwenda akaufunga mlango ili Germana asione, akarudi akamshika mumewe kifuani asidondoke, akangoja. Ilipokwisha, Wilibrodi alipepesa macho.

"Mbona umesimamisha?" aliuliza.

"Baba Germana, angalia ulipo."

Akaangalia. Alikuwa amelalia ubavu wa kushoto, bega lake liko karibu na sakafu, na mkewe amemkumbatia. Alijaribu kusema springi imekatika. Akanyoosha mkono kuzigusa, moja, nyingine, zote nzima. Mkono ule ukabaki pale pale juu ya springi ya mwisho. Kisha akaanza kulia, na alilia vibaya, kwa kwikwi, kama watu wasiozoea.

Alipotulia alimshika mkewe mikono. "Usimwambie mtu. Nakuomba. Imetokea mara mbili tu kwa mwaka mzima. Naweza kurusha miaka na isitokee. Mfikirie yule Nalangu."

"Namfikiria."

"Basi nyamaza."

Marsela aliitoa mikono yake mikononi mwa mumewe. "Mimi sitakwenda kwa Daktari," alisema. "Wewe ni mume wangu. Lakini siku utakayorusha, nitapanda kiti cha nyuma pamoja na Germana. Na safari ya pili vilevile, na ya tatu. Nareyu hawezi kupanda peke yake."

"Unanitisha?"

"Nakwambia nitakapokuwa."

Hawakusemeshana siku hiyo wala iliyofuata. Wilibrodi alikwenda shamba akarudi, akaangalia mtoto anavyokula, akatoka nje. Asubuhi ya Jumatatu alivaa shati lake la kazi na kudandia lori la ngano kwenda Karatu. Aliingia kwa Daktari Piusi bila kukaa kitini.

"Imerudi," alisema. "Mke wangu ameiona. Ni kifafa, Daktari, au siyo?"

Piusi aliinuka, akafunga dirisha lililoelekea foleni ya wagonjwa. "Ndiyo," alisema. "Pole sana, Wili."

Alimpa vidonge vya kumeza kila siku. Vilimletea usingizi na ulimi mzito. Urubani ukaisha hapo. Rubani mwingine alichukua muda mrefu kupatikana, na katika muda huo wagonjwa wengine wa Kakesio walikufa. Wilibrodi alijua majina yao. Ndege ya mbao aliivunja mwenyewe, mbao akazibia ukuta wa ghala. Rubani mpya alipokuja, Piusi alimpa Wilibrodi kazi ya redio kwenye kiwanja cha ndege cha huduma, nje ya Karatu, amwambie mgeni upepo unatoka wapi na ng'ombe wako upande gani. Zilikuwapo siku alizoshindwa kwenda. Alisema hawezi kusikia injini ikiwaka.

Nyumbani haikuwa rahisi. Kaka yake mkubwa alimwonya asilitaje lile neno, litamharibia Germana uchumba. Wako walioacha kula naye sahani moja. Wilibrodi alivumilia mwanzoni, kisha akachoka kujificha. Mtu akimwuliza kwa nini harushi tena, alijibu waziwazi, hata sokoni: "Nina kifafa. Nakunywa dawa."

Maneno yalisafiri kuliko alivyodhani. Mwaka wa pili wa kazi ile ya redio, mwanamke mmoja wa Kimaasai alikuja kiwanjani kwa miguu, jina lake Naipanoi. Nyuma yake alikuwa binti wa miaka kumi na kitu aliyejifunika shuka mpaka usoni. Naipanoi hakusalimu kwa utaratibu. Alimfunua binti mkono, ukaonekana kovu la moto kutoka kiganjani mpaka kwenye kiwiko.

"Wewe ndiye rubani mwenye kifafa?"

"Ndiye mimi, mama."

"Huyu anaanguka tangu mdogo. Namficha ndani. Wameniambia wewe unasema mbele za watu na hawajakuua."

"Hawajaniua."

"Hiyo dawa inaponya?"

Wilibrodi alifikiri kabla ya kujibu. "Haiponyi. Inazuia, mara nyingi. Mimi imenishika mara moja tu tangu nianze." Akazima redio, kwa sababu hakukuwa na ndege angani alasiri ile. "Twendeni kwa Daktari. Nitaingia pamoja nanyi."

Wakaondoka watatu kwenda Karatu kwa miguu, binti akiwa katikati.