Nilidhani ni Ubuyu

Binti yangu alipokuwa na miaka mitatu, nilimkuta barazani kwetu Dodoma mdomo mwekundu mpaka kidevuni, pakiti ya ubuyu mkononi. Nikamcheka. Kwetu ubuyu hutiwa rangi nyekundu, na mtoto mwenye mdomo safi ndiye wa kushangaza. Nilimfuta kwa kanga huku nikimtania kwamba amejipodoa kama bibi harusi. Wekundu ukatiririka tena. Nilipompanua mdomo, niliona ncha ya ulimi imekatika, na yeye bado anatafuna.

Hakulia. Hakuwahi kulia hata kwenye chanjo, na sisi, kwa ujinga wetu, tulimsifu. Mama mkwe alitamba Bahi nzima kuwa mjukuu wake ni jasiri.

Daktari wa meno, mwanamke wa maneno machache, ndiye aliyetueleza kwamba mtoto hasikii maumivu, na amezaliwa hivyo. Alimtengenezea kifuniko laini cha meno ili asijing'ate. Siku ya kwanza alikitemea kwenye uji, ya pili kwenye ndoo ya maji. Siku ya nne nikakuta kidonda kipya ndani ya shavu.

"Mama, tukisubiri, ulimi hautabaki wa kuongelea," daktari aliniambia. "Tung'oe haya manne ya mbele. Ya ukubwani yataota."

"Na yakiota?"

"Tuombe awe amejifunza."

Nilikubali. Wakati anang'olewa, mwanangu alikuwa akichezea kitambulisho cha daktari. Aliyelia ni mimi.

Tangu hapo namkagua mdomo kwa tochi ya simu, asubuhi na kila baada ya kula. Nilimfundisha kuwa akiona damu aje aniambie, "Inauma." Nilimkaririsha kama watoto wanavyokaririshwa shikamoo. Sasa ana miaka sita, meno ya ukubwani yameanza kuchomoza, makali, nami naogopa kuyatazama.

Wiki iliyopita alinifuata jikoni akasema, "Mama, inauma." Nilitupa mwiko, nikashika simu. Ulimi mzima, mashavu mazima, vidole vyote vipo. Nilimfokea kwa kunidanganya. Akanieleza taratibu kwamba mtoto wa jirani akisema hivyo, mama yake humpakata.

Nikampakata. Neno lile ndilo pekee tulilokuwa nalo la kumlinda, na sasa akilisema sijui ni lini nimwamini.