Mfuniko wa Kidole Kimoja

Wifi yangu ni maarufu kuliko mtu yeyote wa mtaa huu, na hakuna anayemjua. Ukipishana naye njiani hutageuka. Lakini washa televisheni saa tisa alasiri, siku yoyote, utaiona mikono yake inakata karoti, inasaga vitunguu saumu, inakamua ndimu, inamenya viazi bila haraka kama mtu anayemvua mtoto nguo. Sura yake haionyeshwi hata mara moja. Kutabasamu kuna msichana mwingine, na kusifia bidhaa kuna mwanamume mwenye sauti nzito. Wifi ni mikono tu, na hapa nyumbani tulishambatiza jina hilo hilo, Mikono.

Mimi ni fundi cherehani, nashonea chumba cha mbele, na upuuzi unanipanda kichwani haraka. Wateja wangu huniuliza, kwa vile ni wifi yangu, kama vile vyombo vya kwenye televisheni vinafaa kweli. Basi nitasema. Cha kumenyea viazi kinafaa. Ninacho, na sikiazimi mtu. Vingine vyote ni vya kukusanya vumbi kabatini. Kile cha kukatia mboga kinakata karoti vizuri kwenye tangazo kwa sababu karoti zenyewe zimechemshwa nusu, wewe ukiweka yako mbichi utakalia kifuniko kwa makalio na bado haitakatika. Cha kusagia vitunguu saumu utasagia dakika moja, halafu dakika kumi unakichokonoa kwa kijiti cha meno. Kuna na cha kumenyea mayai, hicho sitaki hata kukizungumzia. Wifi alivileta vyote nyumbani, vikajaa kapu zima chini ya kitanda chake, tukavicheka mpaka mbavu zikauma.

Sufuria ya presha hakuileta.

Nayo ilikuwa na tangazo lake. Ni sufuria nzito yenye mfuniko unaojifunga, mvuke unabanwa ndani, chakula kinaiva haraka. Hilo ni kweli na sina ubishi nalo. Ila ukishazima moto lazima usubiri mvuke wote utoke kwenye tundu la juu ya mfuniko ndipo ufungue, dakika kumi, pengine kumi na tano. Kusubiri hakuuzi, ndivyo alivyosema mkubwa wao siku ya kupiga picha. Kwa hiyo walivua mpira wa mfuniko ili usibane, wakamimina ndani chakula kilichopikwa tangu asubuhi kwenye sufuria ya kawaida, wakamwambia Mikono abonyeze kitufe kwa kidole gumba. Mfuniko ukafunguka, pap! “Kidole kimoja, chakula mezani!” ikasema ile sauti nzito. Walirudia mara kumi na moja mpaka kidole kikatua vizuri.

Miezi michache baadaye, dada mmoja anayepokea simu za wanunuzi alimvuta wifi pembeni kwenye korido ya ofisi yao. Akamwambia kwa kunong'ona kwamba kuna mwanamke amepiga simu analia. Alizima moto, akabonyeza kitufe kama alivyoona kwenye televisheni, mfuniko ukaruka, akaungua kuanzia vidole mpaka kwenye kiwiko. Mkubwa wao alipoelezwa alisema huyo mama hakusoma kijitabu. Tangazo likaendelea saa tisa yake ile ile.

Wifi alinisimulia hayo jioni tukianua nguo, na nguo zenyewe zilikuwa zinamdondoka. Tangu siku hiyo hofu ilihamia mwilini mwake. Simu ikiita anashtuka. Bakuli likianguka chini anaruka. Akiwa mezani alikuwa anavitazama vidole vyake kana kwamba ni vya mtu mwingine aliyevisahau pale.

“Si useme basi,” nilimwambia. “Nenda ukawaambie tangazo ni la uongo.”

“Nimwambie nani, wifi? Mimi ni mikono tu.”

Nilimwona mwoga, na nilimwambia hivyo hivyo bila kutafuna maneno. Lakini mimi mwenye mdomo mrefu nilifanya nini? Nilirudi kwenye cherehani yangu. Wanaoungua walikuwa watu wa mbali, hatukuwajua.

Sasa nije kwa mama. Mama yangu, ambaye ni mama mkwe wake, ni mkono wa birika wa kutajwa. Sufuria anayopikia ni ile ile aliyonipikia uji nikiwa mtoto. Vyombo vya kwenye televisheni alikuwa anavikejeli kuliko mimi. Hata hivyo saa tisa ikikaribia hakohoi mtu mle ndani, kila mmoja kimya, mama anaitazama ile mikono. Macho yake yamefifia, kwa hiyo anasogeza kiti mpaka pua inakaribia kugusa kioo. “Mkwe wangu huyo,” anasema, kama kuna mtu alikuwa amebisha. Kaka yangu ni dereva wa malori, wiki hii yupo wiki ijayo hayupo, na mama alikuwa na kawaida ya kusema kwamba jambo la maana alilowahi kumletea ni mke.

Alhamisi moja mchana nilikuwa naunga mikono ya sare ya shule, na mama alikuwa jikoni nyuma ameurudishia mlango. Nilisikia kitu kinapuliza mvuke muda mrefu, nikainuka kuchungulia. Mama akanisukuma nje huku anacheka. Alikuwa amenunua ile sufuria ya presha kwa siri, kwa kumtuma jirani, ili Mikono akirudi kazini akute maharage yameiva kwa chombo chake mwenyewe. Mama yangu alikuwa ametoa pesa kwa hiari. Nilicheka sana. Ningekuwa na akili hata ya kuazima, nisingecheka.

Unaweza kuniuliza, na mimi nimejiuliza mara nyingi, kwa nini hapo hapo sikukumbuka yule mwanamke na mkono wake. Sijui. Kwangu mama alikuwa mama, amepika miaka yote, na jiko ni lake.

Nilirudi kwenye sare. Baada ya muda simu ikaita, ni wifi, yuko kwenye mapumziko ya chakula.

“Hamjambo huko? Mama anaendeleaje?”

“Mama leo ni mpishi wa televisheni,” nikamwambia. “Kanunua ile sufuria yako, anakupikia maharage. Usiseme nimekwambia, ataniua.”

Nilisikia kiti kinaburutwa upande wake.

“Wifi,” akasema. “Iko motoni?”

“Ilikuwa inapuliza hapa mpaka kero, sasa imenyamaza.”

“Tangu saa ngapi?”

“Dakika mbili, tatu hivi.”

“Kimbia! Asifungue! Wifi, kimbia!”

Nilikimbia. Kutoka kwenye cherehani hadi jikoni ni hatua ishirini, na siku hiyo nilihisi mtu anazirefusha. Niliusukuma mlango, nikamkuta mama amezima moto, ameinama kama kawaida yake, uso uko juu kabisa ya mfuniko, anatafuta kitufe kwa kidole gumba. Kidole kilikuwa tayari juu yake. Niliruka nikamkamata mkono.

Sijawahi kumshika mama yangu kwa nguvu maisha yangu yote. Alinitazama kama vile mimi ni mwizi.

“Umenishika mimi?”

“Mama, usifungue. Wifi kasema usifungue.”

“Yeye mwenyewe anafungua kila siku! Mbona hana hata kovu? Niachie, maharage yatakuwa uji.”

“Mama, nakuomba.”

“Tena imeshatulia, haipulizi. Husikii?”

Hiyo ndiyo iliyoniogopesha zaidi, kwamba haipulizi. Baadaye tulikuja kukuta ganda la haragwe limeziba lile tundu la mvuke, presha yote imebaki ndani. Wakati ule sikujua hayo. Nilijua tu kwamba kitu kile kilikuwa kimya na mfuniko wake ulikuwa umetuna kidogo, au macho yangu yaliuona umetuna. Nilimkokota mama mpaka ukumbini, nikaufunga mlango wa jikoni, nikauegemea kwa mgongo. Yeye alikuwa ananitukana kwa sauti ya chini, ile mbaya zaidi. Ndani ya jiko kitu kilikuwa kinagonga, tik, kinatulia, tik. Niliogopa kubaki pale mlangoni na niliogopa kuondoka, maana ningeondoka tu angeingia.

Baada ya robo saa tulisikia pikipiki inafunga breki nje. Wifi aliingia na aproni yao ya kazini bado kiunoni, kiatu mguu mmoja. Yeye ambaye humwamkia mama kwa kupiga goti alimpita bila salamu.

“Kaeni mbali,” akasema. “Wote wawili. Hata dirishani msisogee.”

Tulisogea dirishani. Tulimwona anajaza maji kwenye ndoo, anachota kwa kikombe, anamwagia mfuniko kidogo kidogo, mkono umenyooshwa mpaka mwisho, uso ameugeuzia ukutani. Mwaga, subiri. Mwaga, subiri. Mara ikatoka “fssss” kubwa, mvuke ukaruka mpaka darini ukameza jiko zima, na mama akapiga kelele jina la mkwe wake. Hilo jina silitaji hapa, lakini sikuwa nimelisikia kinywani mwa mama tangu siku ya harusi.

Mvuke ulipopungua tulimwona amesimama pale pale, mzima. Alikuwa anajaribu kubonyeza kitufe sasa kwa kuwa ni salama. Mikono inayotazamwa na watu kila siku ilikikosa, kidole kikatua pembeni mara mbili. Niliingia nikafungua mimi. Maharage yalikuwa bado yanachemka peke yake, bila moto chini, yanarusha matone.

Mama aliyatazama. Halafu akavuta kigoda akakaa.

“Nieleze, mwanangu.”

Wifi akaeleza, amepiga magoti kwenye sakafu yenye maji. Akaeleza mpira uliovuliwa, chakula cha asubuhi, mara kumi na moja. Akaeleza na yule mwanamke aliyepiga simu.

“Kwa hiyo ile ya kwenye televisheni ilikuwa baridi,” mama akasema.

“Ilikuwa baridi, mama. Nisamehe.”

“Na mimi nilikuwa najisemea, nikifanya kama anavyofanya mkwe wangu, siwezi kukosea.”

Wifi alianza kulia. Nilitegemea mama angemvuta amkumbatie, maana anampenda kuliko sisi aliotuzaa, na hilo halina siri. Hakumgusa. Alikuwa anautazama uso wake mwenyewe kwenye mfuniko ulioloa, anajipapasa shavu, kisha jicho, kisha jicho la pili.

“Mimi umenikimbilia,” akasema. “Hao wenzangu walionunua, nani anawakimbilia?”

Hakuwa na hasira, na ndiyo maana lilituingia. Nami nilipata langu, kwa sababu nilikuwa nimejua muda wote huo kama wifi alivyojua. Tofauti ni kwamba mimi sikulipwa.

Wifi alijifuta kamasi kwa aproni ya ofisi, akampigia yule dada anayepokea simu. Alimwomba orodha ya walionunua. Nilimsikia yule dada anakataa, anataja kazi yake, anataja watoto wake, na wifi anajibu kitu kimoja tu, kwamba mama mkwe wake alikuwa ameinamia mfuniko. Akarudia. Baada ya dakika kadhaa zikaanza kuingia picha za kurasa za daftari, moja baada ya nyingine, majina na namba kwa mwandiko wa kalamu. Tuliacha kuhesabu tulipofika mia tatu.

Tulikaa mezani, maharage hayakuliwa na mtu. Namba ya kwanza iliita mpaka ikakatika. Ya pili alipokea mwanamke, akasikiliza, akasema alishaigawa ile sufuria kwa dada yake, akakata simu haraka ili ampigie. Ya tatu alipokea mwanamume.

Wifi alimweleza kama alivyomweleza yule wa pili. Sufuria ya presha, usifungue mpaka mvuke utoke wote, lile tangazo si la kweli. Simu ilikuwa mezani imewekwa sauti kubwa, tukasikia mwanamume anapumua.

“Mke wangu ana wiki ya tatu hospitalini,” akasema. “Jicho moja wameshindwa. Wewe ni nani? Wa ofisi?”

Mama alifumba macho. Mimi nilinyoosha mkono nikate ile simu, nakiri, niliogopa kiasi hicho. Wifi akauzuia mkono wangu.

“Hapana, kaka,” akasema. “Mimi ndiye mwenye ile mikono.”

Yule mwanamume hakukata simu, na sisi hatukukata.